Vipande Arobaini vya Mtihani wa Macho

MAELEZO YA SHAHIDI

Jalada: Kupasuka kwa injini ya kushoto uwanjani na kifo cha abiria mmoja, tarehe 21 Mei
Shahidi: Mwanamke, umri miaka 43, jina na namba ya kitambulisho kama zilivyo kwenye jalada
Kazi: Mhandisi wa tathmini ya hatari, karakana ya injini za ndege
Makazi: Nyumba za wafanyakazi wa karakana, jengo la tatu, ghorofa ya pili
Uhusiano na mtuhumiwa: Shemeji, mtuhumiwa amemwoa dada yangu mkubwa
Yameandikwa: Kituo cha polisi, chumba namba 4, tarehe 9 Juni, kuanzia saa 4:10 asubuhi

Nimeonywa kwamba nikisema uongo kwa makusudi naweza kushtakiwa. Nimeelewa. Nimeomba iandikwe pia kwamba naweza kusema jambo lisilo kweli bila kukusudia, kwa kuwa kazi yangu yote ni kukadiria. Afande amesema fomu haina nafasi ya jambo hilo, lakini ameliandika.

Ameniomba nieleze kazi hiyo kama ninavyomweleza mama yangu. Mama yangu hajaielewa kwa miaka kumi na sita, ila nitajaribu.

Mbele ya injini ya ndege kuna gurudumu zito la madini ya titani, tunaloliita diski. Diski ndiyo inayoshika mapanga yanayovuta hewa. Panga moja likikatika, ganda la injini limetengenezwa kulizuia. Diski yenyewe ikipasuka, hakuna ganda la kuizuia. Kwa hiyo tunatafuta nyufa zikiwa bado changa. Kila baada ya idadi fulani ya safari, na kwetu safari ni kupaa na kutua mara moja, diski hufunguliwa, husafishwa na kuchovywa katika rangi inayopenya. Kisha mkaguzi huiangalia katika chumba cha giza chini ya taa ya zambarau. Palipo na ufa, rangi iliyonasa humo hung'aa kama uzi wa kijani.

Mimi ndiye ninayependekeza idadi hiyo ya safari. Ndani ya kompyuta ninatengeneza mamilioni ya diski za kubuni, kila moja na kasoro yake, kubwa au ndogo, hapa au pale. Ninazirusha zote hadi zichoke, kisha ninahesabu ngapi zimepasuka kabla ya mkaguzi kuuona ufa. Kanuni inataka isizidi mara moja katika safari bilioni moja. Ndiyo maana wakaguzi huniita Bi Bilioni. Si jina la heshima sana, lakini nimelizoea.

Kuna jambo moja ambalo kompyuta haiwezi kulibuni, nalo ni uwezo wa jicho la mkaguzi. Ufa wa milimita moja huonwa mara ngapi kati ya mia? Wa milimita tatu je? Majibu hayo tunayapata kwa mtihani. Karakana ina kasha la mbao lenye vipande arobaini vya titani. Thelathini vina nyufa za urefu unaojulikana, kumi ni vizima. Kila mwaka kila mkaguzi huingia chumba cha giza na kasha hilo, na matokeo yake huletwa kwangu. Kutokana na matokeo hayo ninachora mchoro mmoja, na mchoro huo unaingia katika hesabu zote. Kasha lilinunuliwa karakana ilipofunguliwa. Halijawahi kubadilishwa. Sasa ni miaka kumi na moja.

Mtuhumiwa ni mkaguzi mkuu. Tunamwita Jicho. Amesimamia mtihani huo kwa miaka minane na sahihi yake iko kwenye kila karatasi ya matokeo. Yeye ndiye aliyenifundisha kuutazama ufa, wiki yangu ya kwanza katika karakana hii, kabla hajawa shemeji yangu. Mimi nilimkutanisha na dada yangu, au dada alijikutanisha naye kupitia kwangu. Jambo hilo hubishaniwa nyumbani kwao hadi leo.

Wakaguzi walivipa vipande majina. Nimeyasikia kwa miaka mingi katika chumba cha chai. Namba saba aliitwa Bi Harusi, kwa kuwa anang'aa kila mahali na wote wanamtazama. Namba kumi na tisa ni Mkwe, kwa sababu ufa wake hauonekani ukimtazama usoni. Lazima umtazame kwa upande. Namba thelathini na moja ni Mpangaji, ufa uko kwenye kona na hautoki. Mkaguzi akirudi kutoka mtihani huulizwa, "Mkwe hajambo?" naye hujibu, "Hajambo, anakusalimia, anauliza utakuja lini." Nilicheka pamoja nao. Nilidhani ni mapenzi ya mtu na vifaa vyake vya kazi.

Mnamo tarehe 11 Novemba mwaka juzi, alijiunga nasi mkaguzi mwanamke aliyetoka karakana nyingine, mwenye uzoefu wa miaka tisa. Alifanya mtihani siku hiyo akaona nyufa ishirini kati ya thelathini. Wenzake walimtania. Mmoja alimwambia, "Dada, huko ulikotoka mlikuwa mnakagua sufuria?" Tarehe 18 Novemba alirudia, akaona zote thelathini.

Karatasi zote mbili zililetwa mezani kwangu. Katika hesabu nilitumia ile ya pili. Pembeni ya ile ya kwanza niliandika kwa mkono wangu: "Isihesabiwe. Mkaguzi alikuwa hajauzoea utaratibu." Sikumuuliza mtu yeyote ni utaratibu gani mtu wa miaka tisa anauzoea kwa wiki moja. Karatasi hiyo nimemkabidhi afande leo, nayo imepewa namba ya kielelezo.

Tarehe 3 Februari mwaka jana nilitoa ripoti iliyopendekeza diski za toleo hili zikaguliwe kila baada ya safari elfu moja na mia tano badala ya elfu moja. Injini zilikuwa chache na ndege zilikuwa zikisubiri. Sikushinikizwa. Niliulizwa kama inawezekana, nikahesabu, mchoro ukasema inawezekana. Kwa mchoro huo, ufa wa milimita tatu huonwa mara tisini na nane kati ya mia.

Tarehe 17 Septemba mwaka jana diski iliyopasuka ilikaguliwa na Jicho, naye alitia sahihi kwamba hakuona ufa.

Mwezi Januari mwaka huu nilikuwa napanga karatasi za miaka yote kwa ajili ya mafunzo, nikaona kwamba macho ya wakaguzi wetu yanazidi kuwa makali kadiri wanavyozeeka. Mtu wa miaka hamsini na sita anauona ufa ambao alikuwa hauoni akiwa na arobaini na nane. Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Tarehe 27 Januari, saa 5 asubuhi, nilimfuata Jicho mlangoni mwa chumba cha giza.

Nikamuuliza, "Shemeji, hivi vipande mnaviangalia au mnavikumbuka?"

Alikuwa anafuta mikono. Akasema, "Shemeji, vipande hivi tumezeeka navyo. Ukikaa na mtu miaka kumi na moja, bado unamwangalia?"

"Nauliza kwa dhati."

"Basi agiza vingine," akasema. "Mimi mwenyewe ningependa kujua."

Tarehe 30 Januari niliandika barua kwa meneja wa ufundi kuomba vipande vipya. Nilijibiwa kwamba vitaagizwa katika awamu ijayo. Barua hiyo ipo, na nakiri kwamba tangu ajali itokee nimeisoma mara nyingi kama mtu anayejitazama kwenye kioo akitafuta upande ulio mzuri. Lakini barua haikuomba muda wa ukaguzi urudishwe kuwa safari elfu moja. Nilikuwa na shaka, sikuwa na data, na nimefundishwa kutobadilisha namba kwa shaka. Kwa muda ule wa zamani, diski iliyopasuka ingefunguliwa wiki ya pili ya Aprili.

Tarehe 21 Mei, saa 1:25 asubuhi, ndege ikiwa inakimbia kwa ajili ya kupaa, diski ya injini ya kushoto ilipasuka. Ilikuwa na safari 1,212 tangu ikaguliwe. Rubani aliisimamisha ndege. Kipande kimoja kiliingia ubavuni, safu ya kumi na nane. Abiria aliyekuwa dirishani alifariki papo hapo. Alikuwa mama mmoja, mshonaji wa sare za shule. Nilifika kwenye ndege saa 3:40 pamoja na timu ya ufundi. Afande ameuliza niliona nini. Niliona tundu ambalo lingepitisha kitabu kilichofunguliwa. Kiti cha pembeni yake hakikuguswa, na mkanda wa kiti hicho ulikuwa umefunguliwa vizuri.

Tarehe 23 Mei maabara ilisoma mistari ya kukua kwa ufa kwenye sehemu iliyovunjika, katika tundu la bolti la diski, na kukadiria kwamba siku ya ukaguzi wa Septemba ufa ulikuwa na milimita tatu hivi. Mchana wa siku hiyo Jicho alikamatwa. Nimeonyeshwa karatasi ya mashtaka. Kielelezo cha kwanza ni mchoro wangu. Hoja ni kwamba ufa wa ukubwa huo huonwa mara tisini na nane kati ya mia, kwa hiyo asiyeuona alizembea.

Tarehe 26 Mei niliazima kasha la vipande kutoka chuo cha ufundi. Wakaguzi wetu hawajawahi kuliona. Wakaguzi wanne waliobaki walifanya mtihani mmoja mmoja, bila utani. Humo mlikuwa na vipande saba vyenye nyufa za milimita tatu hivi, kwa hiyo nyufa hizo zilitazamwa mara ishirini na nane. Zilionwa mara kumi na saba. Ni kama sitini na moja kati ya mia.

Nieleze jinsi ninavyoiamini namba hiyo, yaani kwa kiasi. Mara ishirini na nane ni chache. Ukweli unaweza kuwa arobaini kati ya mia, unaweza kuwa themanini. Watu wale walikuwa wamekamatiwa mkuu wao siku tatu kabla na hawakuwa na utulivu wao wa kawaida. Nilirudia hesabu zote kwa namba mpya, na hatari ikapanda mara arobaini. Hata hivyo mara arobaini katika safari bilioni bado ni jambo ambalo sikutarajia kuliona maishani mwangu. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba mchoro mbovu ndio uliomuua yule mama. Huenda madini yenyewe yalikuwa na kasoro tangu yalipoyeyushwa kiwandani. Huenda Jicho siku hiyo alichoka. Hesabu zangu huzungumzia diski nyingi kwa pamoja. Ukiniletea diski moja ukaniuliza habari zake, hesabu inanyamaza.

Ninachoweza kusema bila kusitasita ni hiki. Diski nyingine kumi na moja za toleo hilo zinaruka leo kwa muda wa safari elfu moja na mia tano, muda uliotokana na mchoro ambao siuamini tena.

Tarehe 28 Mei, saa 2:30 asubuhi, nilimpelekea meneja wa ufundi matokeo mapya. Aliyasoma akiwa amesimama. Akasema, "Mhandisi, mchoro wako uko polisi. Ni kielelezo. Tukiubadilisha leo, kesho tutaambiwa tunachezea ushahidi."

Nikamwambia sitaki kuubadilisha uliopo polisi, nataka kuacha kuutumia.

"Hapo utakuwa umesema ulikuwa na makosa," akasema. "Wewe unajua ulikuwa na makosa?"

Nilimjibu kwamba nadhani hivyo.

"Ukishajua, rudi."

Tarehe 29 Mei niliandika kwa mamlaka ya usafiri wa anga. Tarehe 5 Juni walijibu kwamba suala liko mikononi mwa vyombo vya sheria na wanasubiri matokeo ya uchunguzi wa polisi. Afande amenieleza kwamba jalada lake linahusu diski moja na mtu mmoja. Sina lawama naye. Kila mmoja amenijibu kwa adabu.

Tarehe 7 Juni, saa 10 jioni, nilikwenda nyumbani kwa dada yangu. Alikuwa anapiga pasi shati la mume wake la kupeleka mahabusu. Nilimweleza nitakachosema hapa kuhusu vipande. Hakuacha kupiga pasi.

Akasema, "Wakili ametueleza. Uzembe ni kosa dogo, anaweza akapata miaka miwili, anaweza akaachiwa kwa onyo. Ila ukiwapa habari ya vipande, watauliza nani alisimamia mtihani."

"Watauliza."

"Na hiyo si uzembe tena. Ni udanganyifu. Miaka minane ya sahihi, mdogo wangu. Ana umri wa miaka hamsini na sita."

Nilimwambia kwamba habari ya vipande inaubomoa ule mchoro, na bila mchoro hakuna wa kusema kwamba kila mkaguzi makini angeuona ufa.

"Unamtoa dirishani unamwingiza mlangoni," akasema. Kisha akaisimamisha pasi. "Nikuulize kitu, msomi wetu. Hiyo namba yako mpya una hakika nayo?"

"Sina hakika."

"Hizo diski kumi na moja, una hakika hata moja itapasuka?"

"Hapana. Uwezekano mkubwa hakuna itakayopasuka."

"Basi huna hakika na namba, huna hakika na diski. Mimi nina hakika na mume wangu. Kitu usichokijua si unyamaze tu?"

Alilikunja shati akanipa nilibebe, kwa kuwa kesho yake ilikuwa zamu yangu ya kwenda.

Tarehe 8 Juni, saa 8:20 mchana, nilimwona Jicho mahabusu kwa dakika kumi na tano. Tuliongea askari akiwa karibu. Amepungua. Aliniuliza kama yule mkaguzi wa kike ameachiwa chumba cha giza, nikasema ndiyo. Akasema ni mzuri, asizoeshwe.

Nilimweleza yale niliyomweleza dada. Alisikiliza hadi mwisho.

Akasema, "Shemeji, mimi niliangalia lile tundu la bolti. Usije ukadhani sikuangalia. Niliangalia kama ninavyoangalia yote."

Nikasema namwamini.

"Tatizo la mtihani nilikuwa najua pa kuangalia. Kwenye kazi hakuna anayekuonyesha." Akaendelea, "Na wale waliokuja nyuma yangu nikawaonyesha. Niliona ni kuwasaidia wasianguke."

Nilimuuliza anataka niseme nini. Alicheka kidogo. "Bi Bilioni unaniuliza mimi? Njia zote mbili si zinaishia humu humu?"

Askari alipotuambia muda umekwisha, aliuliza zile kumi na moja nani alizikagua. Nilimwambia kwamba nane zina sahihi yake. Alichukua shati akaingia ndani.

Afande ameniuliza swali moja na kunitaka nijibu ndiyo au hapana: je, mkaguzi makini angeuona ufa ule tarehe 17 Septemba? Nimejibu kwamba huenda angeuona, na huenda asingeuona. Afande amesema hilo si jibu. Nimemwambia kwamba ndilo jibu pekee nililonalo, na kwamba jibu la tisini na nane lililoko kwenye mashtaka ni langu pia, ila nililitoa nikiwa sijajiuliza maswali ya kutosha.

Ameniuliza kama wakaguzi walikusudia kudanganya. Sidhani. Nadhani waliona aibu kushindwa, kisha wakasahau kwamba walikuwa wakikumbuka. Mimi nililetewa kipimo kimoja cha kweli, karatasi ya tarehe 11 Novemba, nikakitupa kwa sababu hakikufanana na vingine. Kama kuna anayepaswa kuulizwa kuhusu mchoro, niulizwe mimi kabla ya aliyeshika taa.

Hapa ndipo ninapokomea. Nimesema ninayoyajua na ninayoyadhani, na nimejitahidi yasichanganyike.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)
Tarehe 9 Juni, saa 8:05 mchana

MAELEZO YA AFISA

Shahidi amesomewa maelezo yake kuanzia saa 6:50 mchana, naye amesema ameyaelewa. Saa 7:15 aliomba sehemu zote zinazohusu vipande vya mtihani zifutwe. Nilimfahamisha kwamba ana haki ya kusahihisha kabla ya kutia sahihi, nikampa kalamu. Alikaa na karatasi hadi saa 7:58 bila kuandika kitu, kisha akaomba zibaki kama zilivyo. Ametia sahihi kila ukurasa.

Nakala imepelekwa kwa mwendesha mashtaka. Ameelekeza mtuhumiwa aongezewe shtaka la pili, la kutoa matokeo ya uongo ya mtihani, na shahidi huyu aitwe upande wa mashtaka. Shtaka la kwanza linabaki pamoja na kielelezo chake. Kuhusu shahidi mwenyewe, hakuna kosa lililobainika.

Shahidi alipokuwa anatoka aliuliza tena kuhusu diski kumi na moja. Nilimjibu kwamba jalada hili haliwezi kuzuia ndege kuruka. Aliomba jibu hilo liandikwe. Limeandikwa.